Kosta moja, miji midogo na kisiwa: kisa cha safari ya kikoba kutoka Mtwara hadi Kilwa

Mtu wa Mtwara anaweza kwenda Dar es Salaam na kurudi kila mwaka, akashuka Nangurukuru kila safari, akala wali, akanunua maji na kupanda tena basi, asikate kona hata siku moja kwenda Kilwa Masoko. Ni kilomita kama 30 tu kutoka barabara kuu. Na kutoka Masoko ni mkondo mwembamba wa bahari unaokutenga na Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliufikia mwaka 1331 akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri zaidi duniani. Tunapita mlangoni pake tukiwa usingizini.

Kwa hiyo kikoba kimoja cha Mtwara mjini kilipoamua kutenga fungu la safari badala ya kugawana faida yote ya mwaka, na wakachagua Kilwa, nilifurahi sana. Ni kikoba cha akina mama wengi na wanaume wachache. Wamo walimu, nesi, wauza samaki, fundi cherehani, fundi mwashi, na wazee wastaafu wawili watatu. Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni Mikindani, na mwenyekiti wao alinifuata akaniomba niende nao niwe msimulizi. Nilipoitwa, ratiba ilikuwa imeshaandikwa na kosta imeshalipiwa malipo ya awali. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yao, maana vikundi vya namna hii vinavyoanza kutembea kusini kwetu ni vingi, na yaliyowakuta hawa yatawakuta wengine.

Ratiba ilikuwa ya siku mbili. Jumamosi kuondoka Mtwara saa kumi na mbili asubuhi, kusimama Mikindani nusu saa, kunywa chai Lindi, kufika Masoko saa saba mchana, kuvuka kwenda kisiwani, kuzunguka magofu, kurudi Masoko kulala. Jumapili asubuhi Kilwa Kivinje, kisha nyumbani. Mwenye gari alitaka kosta yake iwe Mtwara Jumapili usiku kwa sababu Jumatatu ilikuwa na kazi nyingine.

Ukiitazama karatasini haina kasoro. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 110, Lindi hadi Nangurukuru kama 150, ongeza hizo 30 za kuingia Masoko. Haifiki 300, na yote ni lami. Mwenye gari dogo asiyesimama popote anaifanya asubuhi moja. Katibu wa kikoba alipiga hesabu hiyo, akaongeza saa moja ya dharura, akaona imetosha. Alikuwa makini, wala simlaumu. Ila hesabu yake ilichukulia kwamba safari ni Kilwa, na miji mingine yote ni vituo vya njiani. Wenzake waliokuwa ndani ya gari hawakuichukulia hivyo hata kidogo, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mikindani, nusu saa iliyozidi saa moja

Tuliondoka Mtwara karibu saa moja. Kilomita kumi mbele tukashuka Mikindani, na hapo ndipo ratiba ilipoanza kulegea.

Mimi nilikuwa nimejiandaa na simulizi ninazowapa wageni wote: Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, na kwamba Livingstone alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Nikaanza. Sikufika mbali. Mzee wa kundi, bibi ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, amezaliwa Mikindani, na dada yake mkubwa bado anaishi kwenye vichochoro vya nyuma. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi siwezi kupita hapa bila kwenda kumsalimia dada. Atasikia tu kwamba nilipita." Wanawake wanne wakamsindikiza. Baada ya hapo kila mtu akafuata, maana huwezi kumwacha mzee aende peke yake kwao.

Bi Mkubwa akageuka kuwa mwongozaji, na alinizidi. Alitupitisha kwenye nyumba za zamani moja baada ya nyingine. Hapa alikaa mfanyabiashara fulani, hapa palikuwa na chuo cha Kurani, kwenye kibaraza hiki walikuwa wakianika nguo za harusi. Kwenye mlango mmoja wa nakshi alisimama, akaweka kiganja juu ya ua lililochongwa katikati ya mfaa, akasema alipokuwa mdogo walikuwa wakichapwa wakikutwa wanalichezea. Kina mama wote wakataka kulishika. Fundi mwashi yeye hakuwa na habari na mlango. Alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta ulioporomoka upande, anaangalia namna jiwe la matumbawe lilivyolazwa na chokaa ilivyoshika, akawa anatuita tuone kwamba ndani ya lile jiwe bado unaona vitundu vya mdudu wa baharini.

Katibu alikuwa anatazama saa. Namwelewa. Lakini nataka msomaji aukumbuke ukuta ule, kwa sababu niliuona tena kesho yake mahali pengine.

Barabarani

Kutoka Mikindani hadi Mnazi Mmoja barabara ni nzuri, ila vijiji vimeshikana. Mpapura, Madangwa na vingine, na kila kijiji kina kibao cha 50. Askari wa tochi wanakijua kila kichaka cha njia hii. Dereva wetu alikuwa mtu wa makamo, mkimya, na alishuka hadi 50 kila palipoandikwa 50. Wawili watatu nyuma wakaanza kumhimiza: "Kaka, kanyaga, tumechelewa." Hakujibu, wala hakukanyaga. Kwangu mimi huyo ndiye aliyetufikisha salama. Kikundi kinapochelewa, wa kwanza kusukumwa huwa ni dereva. Kumbe yeye hakuchelewesha chochote, na dakika anazoweza kuziokoa kwa mwendo hazifiki hata robo ya zile zilizopotea kwenye chai.

Na chai ndiyo iliyotumaliza. Tulifika Lindi saa nne imepita, watu 22 wana njaa, na hakuna aliyekuwa amempigia simu mama lishe yeyote. Mama lishe wa mji mdogo hukadiria unga wa siku kwa wateja anaowajua. Tulipoingia kwa pamoja, supu ya pweza ikaisha kwa watu saba wa kwanza. Chapati ikabidi zikandwe upya, na zikawa zinatoka mbili mbili na kugombaniwa kwa adabu: "Mpe mzee kwanza." Aliyekula kwanza alimsubiri aliyekula mwisho. Saa moja na nusu ikaenda hapo, na mama wa watu alitokwa jasho kwa fedha ambayo angeipata kwa raha kama angeambiwa jana yake. Simu moja tu ingetosha. Katika kisa chote hiki, hilo ndilo kosa la mpangilio ambalo halina utetezi, na ndilo jepesi kuliko yote kulirekebisha.

Hata hivyo muda ule haukwenda bure wote. Mwalimu mmoja wa sekondari, akisubiri chapati yake, alianza kuwaeleza wenzake habari za Tendaguru, kilima kilichoko bara ya Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya wanyama wa kale, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari hii hii ya Lindi ipakiwe melini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wengi walikuwa wanajua neno "mjusi wa Tendaguru" tangu shuleni, ila hawakuwahi kufikiri kwamba njia ya wale wapagazi iliishia hapa walipokaa. Muuza samaki mmoja akauliza walilipwa nini. Mwalimu akamjibu kwa anachokijua, na mjadala ukaendelea hadi ndani ya gari, ukapita Mchinga, ukafika Mbwemkuru ukiwa bado moto.

Kiranjeranje tukasimama kwa swala ya adhuhuri. Wengi wa kikoba ni Waislamu, na kila mmoja alijua kwamba adhuhuri itatukuta njiani, lakini ratiba haikuitaja. Ratiba ya safari ya pwani ya kusini isiyo na swala imeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Matokeo yake watu wanaswali huku wanahisi wanaiba muda wa wenzao, jambo ambalo si haki kwao wala kwa wanaosubiri.

Tukaingia Kilwa Masoko karibu saa kumi alasiri.

Ufukweni Masoko: kuvuka au kutovuka

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na hilo lilikwenda haraka. Tatizo lilikuwa bahari. Ulikuwa mwezi wa nane, kusi linavuma, na mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana saa nne au tano. Tulifika maji yamejaa hadi juu, upepo wa jioni umechachamaa, mkondo una mawimbi mafupi mafupi. Boti ya mashine iliyokuwapo isingetuchukua wote mara moja, na nesi alipohesabu majaketi ya kujiokolea akakuta hayafiki nusu yetu. Ingebidi safari mbili za kwenda na mbili za kurudi.

Nahodha aliulizwa maoni yake, akatazama jua kwanza. "Kuwavusha nitawavusha," akasema. "Lakini mtakanyaga tu mchanga mrudi. Kwenye kasri la Husuni Kubwa hamtafika, njia ya ufukweni imefunikwa. Asubuhi maji yakipwa mtatembea wenyewe mpaka kule."

Katibu alitaka kuvuka jioni ile ile. Hoja zake zilikuwa nzito. Fedha ilitolewa kwa ajili ya kisiwa, boti imeshapatikana, na tukisogeza kisiwa kwenda Jumapili asubuhi basi Kivinje inakufa, kwa sababu gari lazima liwe Mtwara usiku. Wengine wakamuunga mkono kwa maneno niliyoyasikia mara nyingi kwa wasafiri: tumelipa, twende. Picha zipigwe, ionekane tulifika.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Akasema, "Mimi nimekuja kuona. Sikuja kuhesabiwa kwamba nilikuwepo."

Sentensi hiyo iligeuza kikao. Mwenyekiti akaomba mikono, wengi wakanyoosha kuvuka asubuhi. Nami niliona, na bado naona, kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Kuvusha wazee jioni kwenye mawimbi, kwa majaketi pungufu, ili wakae kisiwani chini ya saa moja na warudi gizani, ni jambo ambalo lingeitwa uzembe endapo kitu kingetokea, na kama kisingetokea lingeitwa bahati. Nahodha mwenyewe alikuwa ameshatoa jibu, ila alilitoa kwa heshima ya mtu anayehitaji kazi. Ukimuuliza mvuvi "unaweza kutuvusha?" atakwambia anaweza. Muulize "wewe ungemvusha mama yako saa hii?"

Lakini uamuzi sahihi ulifikiwa kwa njia yenye dosari. Mikono ilipokwisha kushushwa ndipo fundi cherehani, mama asiyesema sana, aliposema kwamba yeye alikuwa amekuja kwa ajili ya Kivinje. Bibi yake mzaa mama alitokea huko. Mama yake alifariki bila kupaona tena, naye alikuwa amechangia safari hii mwaka mzima akiwaza siku ya Jumapili, si Jumamosi. Kukawa kimya. Mwenyekiti akasema kura imeshapigwa. Akamwambia "pole dada", na kwa kweli alimaanisha, lakini pole haikuwa jibu la alichokisema.

Ratiba ya safari ya kundi huorodhesha mahali. Haisemi ni nani amekuja kwa ajili ya nini. Kama kabla ya kuondoka Mtwara kila mmoja angeulizwa swali moja, mahali gani hutaki kabisa tupakose, jina la Kivinje lingekuwa na mtu nyuma yake, na jina la Mikindani vivyo hivyo. Hapo kupunguza kunakuwa mazungumzo baina ya watu. Bila hivyo unakata jina karatasini, kisha unagundua ulimkata mwenzako.

Asubuhi kisiwani

Usiku wa Masoko haukuwa na mengi: samaki walinunuliwa ufukweni, wenye nyumba ya wageni wakatupikia, watu wakalala mapema.

Saa moja asubuhi bahari ilikuwa imetulia. Tulivuka kwa awamu mbili, jaketi kwa kila mtu, na awamu ya pili ilipofika ya kwanza ilikuwa bado Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji. Wareno walijenga ngome hapo baada ya kuuvamia mji mwaka 1505, na iliyosimama sasa ni ya Waarabu wa Omani waliokuja baadaye. Kijiji kipo pembeni, hai kabisa, watoto wanachota maji na mbuzi wanapita katikati ya historia bila kujali. Tulipata mwenyeji wa kisiwani wa kutuongoza, nami nikanyamaza kwa furaha, maana mahali pana mwenyewe.

Msikiti Mkuu ndio uliowanyamazisha wote. Sehemu yake ya kale ilianzishwa karne ya 11, na upande mpana wenye matao na kuba uliongezwa baadaye. Unaingia, unakutana na nguzo zimejipanga hadi macho yanachoka, na juu yako kuba moja baada ya nyingine, nyingine zimepasuka na mwanga unaingia. Fundi mwashi alikwenda moja kwa moja ukutani. Akachuchumaa vile vile kama jana Mikindani. "Ni jiwe lile lile," akasema. Akawaita akina mama, akawaonyesha vitundu vya matumbawe, akawaeleza chokaa inavyochomwa na kulowekwa, na jinsi kuba inavyoshikiliwa na miti mpaka ikauke kabla ya miti kutolewa. Alikuwa akizungumza kama mtu anayeeleza kazi ya babu yake. Mwenyeji wetu alimsikiliza kwa makini na kumuuliza maswali.

Nasema hivi kwa wale waliokuwa wakiinung'unikia saa ya Mikindani: mtu huyu aliusoma ukuta wa Kilwa kwa sababu alikuwa ameshikwa na ukuta wa Mikindani siku moja kabla. Miji hii ya pwani yetu ni ndugu, ina jiwe moja na chokaa moja, milango yake na majina yake ya ukoo yanafanana. Ukiikimbiza yote ili ufike mmoja, unafika ukiwa huna cha kuulinganisha nao.

Maji yalipokuwa yamepwa, tukatembea ufukweni hadi Husuni Kubwa, nusu saa kwa mwendo wa Bi Mkubwa, fimbo mkononi na viatu amevibeba mjukuu wa mtu mwingine. Kasri lile lipo juu ya genge, linatazama bahari, na lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Lina bwawa la kuogea la pembe nane, bado unaona umbo lake wazi. Ni la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akiitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Utajiri ule ulitokana na dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, iliyopita hapa kwenda ng'ambo, na Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Mwalimu akaongeza kwamba sarafu chache za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na hakuna aliyemwamini hadi mwenyeji wetu alipomthibitishia.

Nesi aliuliza kwa nini hatukufundishwa haya kwa namna hii, kwa kuletwa. Swali la haki. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Dunia ilikuwa na wasiwasi nayo miaka kumi, na ndani ya kosta yetu kulikuwa na watu wa miaka 60 wa mkoa wa jirani waliokuwa wanayaona kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo jingine lililotokea ambalo ratiba yoyote isingeliweka. Tukirudi kijijini, mwenyekiti alikaa kibarazani na akina mama wa kisiwani waliotaka kujua kikoba chao kinakopeshaje na hisa ni shilingi ngapi. Walikaa wakaelezana riba, adhabu ya mchelewaji, na nani anashika funguo za sanduku. Kama tungevuka jioni ya jana, kikao hicho kisingekuwapo. Kurudi botini kulitaka kukunja kanga hadi magotini, maana nahodha alikuwa amekisogeza chombo penye kina. Wazee walishikwa mikono, polepole, na hakuna aliyelalamika.

Nangurukuru, na hesabu ya mwisho

Tulikula Masoko na kuondoka saa saba imepita. Kivinje iko kilomita chache tu pembeni mwa njia, karibu na Nangurukuru, na ndilo lililouma zaidi. Kundi zima lilijua linapita mlangoni. Wengine wakasema tuingie robo saa. Dereva akasema wazi kwamba hatakubali kukimbiza usiku kati ya Kiranjeranje na Lindi, na alikuwa na haki. Jua likizama kule unakuta matawi ya miti yametandikwa lami, ishara kwamba mbele kuna lori limekufa katikati ya barabara, na ukiwa na mwendo mkubwa matawi unayaona umeshayapita.

Ndipo fundi cherehani akatoa wazo ambalo lingepaswa kutoka kwa uongozi. Yeye ashuke Nangurukuru, achukue bodaboda aingie Kivinje, alale huko, arudi Mtwara kwa basi Jumatatu. Akaomba kikoba kimlipie nauli na malazi. Katibu akasema fedha ya kikoba haitoki bila kikao. Bi Mkubwa akamjibu kwamba kikao ndicho hiki, wajumbe wote wapo garini. Mikono ikanyooshwa tena, safari hii kabla ya kunyoosha mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Fedha ikatolewa kwenye akiba ya chakula cha mchana cha Kivinje ambacho hakikuliwa. Nesi, ambaye Jumatatu hakuwa zamu, akajitolea kushuka naye ili asiende peke yake.

Tulifika Mtwara saa mbili usiku. Mwenye gari akadai nyongeza kwa kuchelewa. Karatasi ya makubaliano ilisema "Jumapili usiku" bila saa, kwa hiyo madai hayakuwa na msingi, na kikoba kilikataa kulipa. Ila dereva alipewa kitu chake mkononi na akina mama wenyewe, kila mmoja alichoweza, na hilo nililiona kuwa sawa kabisa.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye kikao chao. Fundi cherehani alieleza alichokiona Kivinje: nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa zamani zinazoporomoka huku mizizi ya miti imezikumbatia, boma la Wajerumani ufukweni, na mnara wa mashujaa wa Maji Maji walionyongwa hapo. Alikuwa anajua kwamba vita vile vilianza milima ya Matumbi mwaka 1905. Hakuwa anajua jinsi Kivinje ilivyo karibu nayo. Wala hakujua kwamba mji wa bibi yake ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa kutoka Ziwa Nyasa, na hilo, alisema, lilimfanya aulize ukoo wao uliingiaje pale, kwa mlango upi. Nyumba ya bibi yake aliikuta kiwanja. Mzee mmoja jirani alilikumbuka jina. Alimpa namba ya simu ya mtu wa Lindi.

Kikao kikabishana kuhusu mwaka ujao. Katibu, ambaye alikuwa amekuja na daftari jipya, alipendekeza usiku mbili badala ya mmoja, na Kisiwani isiwemo: Mikindani asubuhi nzima, Lindi kulala, Kivinje siku kamili. Wapo waliopinga wakitaka Songo Mnara. Wapo waliotaka kwenda Msimbati tu na kurudi jioni, kwa sababu fungu halitatosha. Nami nilisema langu: wachague michache, na kila mji uwe na mtu aliyesema kwa mdomo wake kwamba anautaka. Mwisho pendekezo la katibu lilipita kwa kura chache. Tarehe haijawekwa, maana safari hii wanapanga kwa mwandamo wa mwezi kwanza, kalenda baadaye. Lililokwisha kupangwa ni la Lindi: mwenyekiti alimpigia simu mama lishe palepale kikaoni, akamwagiza chapati 50 na supu ya pweza ya watu 25, na akamuahidi kumtumia malipo ya awali pamoja na siku yenyewe mara itakapopatikana.